Mama Aliyeogopa Dubu

Ndugu msomaji, je, umewahi kulala usiku huku fisi au simba anazunguka nje ya boma? Kama umewahi, unaijua hofu. Masikio yanasimama. Moyo unakwenda mbio. Hata kikohozi unakizuia kisitoke. Lakini wewe una majirani. Ukipiga yowe watakuja na mikuki na mienge ya moto.

Sasa fikiri habari ya mama mmoja aliyebaki peke yake kisiwani. Hakuwa na jirani hata mmoja. Yowe lake lisingefika popote. Na mnyama aliyekuja mlangoni kwake alikuwa mkubwa kuliko simba.

Mama huyo aliitwa Ada Blackjack. Mambo haya yalitokea mwaka 1923. Kabla ya safari yake hakuwa mwindaji, wala hakujua kutumia bunduki. Tena aliwaogopa sana dubu. Soma upate kujua jinsi alivyookoka.

NCHI YA BARAFU

Kaskazini kabisa mwa dunia kuna nchi iitwayo Aktiki. Huko baridi ni kali mno. Wakati wa baridi bahari huganda. Maji yake huwa magumu kama sakafu ya saruji, na watu hutembea juu yake. Miti haioti. Hakuna mahindi, hakuna mihogo, hakuna mchicha.

Jua la huko nalo lina mambo yake. Katikati ya majira ya baridi halichomozi kabisa kwa muda wa karibu miezi miwili. Mchana na usiku ni giza. Wakati wa kiangazi mambo hugeuka. Jua halitui kwa wiki nyingi. Saa sita ya usiku unaliona jua angani.

Hata hivyo, watu wanaishi Aktiki tangu zamani sana. Katika jimbo la Alaska, ambalo ni sehemu ya Marekani, wako watu waitwao Wainupiat. Wao huwinda sili, nyangumi na samaki. Sili ni mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi mwilini. Nyama yake huliwa, mafuta yake huwashwa taa, na ngozi yake hushonwa viatu na nguo. Ada alikuwa mtu wa kabila hilo.

ADA ALIKUWA NANI?

Ada alizaliwa mwaka 1898, karibu na mji wa Nome katika Alaska. Baba yake alifariki Ada akiwa bado mtoto. Mama yake akampeleka kwa wamisionari mjini. Huko alifundishwa kusoma na kuandika kidogo, kupika, na kushona. Kwa sababu alikulia mjini, hakujifunza kuwinda kama watu wengine wa kabila lake.

Aliolewa akiwa msichana mdogo. Alizaa watoto watatu. Wawili walikufa. Akabaki mmoja tu, mvulana aitwaye Bennett. Kisha mume wake akamwacha. Ada akamchukua mtoto, wakaenda kwa miguu mpaka Nome, mwendo wa kilomita 60 na zaidi. Mtoto alipochoka, mama alimbeba.

Bennett alikuwa na ugonjwa wa kifua kikuu. Matibabu yalihitaji fedha, na Ada hakuwa nazo. Alishona nguo za watu, lakini fedha hazikutosha. Mwisho alilazimika kumweka mtoto wake katika nyumba ya watoto yatima, ili apate chakula na uangalizi. Wewe uliye mzazi unajua uchungu wa jambo hilo.

KAZI YA MSHAHARA MZURI

Mwaka 1921 Ada alisikia habari ya kazi. Mtu mmoja mashuhuri wa safari za Aktiki, Vilhjalmur Stefansson, alikuwa anatuma vijana wanne kwenye Kisiwa cha Wrangel. Kisiwa hicho kiko mbali baharini, kaskazini mwa Siberia. Stefansson alitaka kisiwa kiwe mali ya Uingereza au Kanada. Yeye mwenyewe hakwenda.

Vijana hao walikuwa Allan Crawford, Lorne Knight, Fred Maurer na Milton Galle. Walihitaji mtu wa kushona nguo za manyoya. Katika Aktiki nguo ni uhai. Mshono ukiachia, baridi inaingia, na vidole vinakufa. Mshahara ulikuwa dola 50 kwa mwezi. Kwa Ada hizo zilikuwa fedha nyingi. Zingemrudisha mtoto wake mikononi mwake.

Ada aliambiwa kwamba jamaa nyingine za Wainupiat zitakwenda pia. Siku ya safari ilipofika, hakuna aliyetokea. Angekuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume wanne wageni. Aliogopa. Lakini alimkumbuka Bennett, akapanda meli. Ilikuwa tarehe 9 Septemba, 1921. Ada alikuwa na miaka 23. Walichukua pia mbwa wa kuvuta mizigo barafuni, na paka mmoja aitwaye Vic.

Walibeba chakula cha miezi sita tu. Walidhani watawinda nyama ya kutosha, na mwaka unaofuata meli italeta chakula kingine.

MELI HAIKUFIKA

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Wanaume waliwinda, Ada akashona na kupika. Kiangazi cha 1922 wakaanza kuitazamia meli. Walitazama baharini kila siku. Meli ilitumwa kweli, lakini barafu ilikuwa nene ikaizuia njiani. Ikarudi. Wale wa kisiwani hawakujua lolote.

Wanyama nao wakawa adimu. Majira ya baridi yalipofika, akiba ilikuwa ndogo sana. Mwezi Januari 1923, Crawford na Knight walijaribu kuvuka barafu kwenda Siberia kutafuta msaada. Walirudi haraka kwa sababu Knight aliugua.

Tarehe 28 Januari, 1923, Crawford, Maurer na Galle waliondoka. Walichukua mbwa waliobaki, wakashika njia ya Siberia juu ya bahari iliyoganda. Hawakuonekana tena mpaka leo. Ada alibaki na Knight mgonjwa, na paka Vic.

KISEYEYE

Ugonjwa wa Knight ulikuwa kiseyeye. Huu ni ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C katika chakula. Mgonjwa anakosa nguvu. Fizi zinavimba na kutoa damu. Meno yanalegea. Viungo vinauma. Asipopata chakula kinachofaa, anakufa.

Sisi tunapata vitamini C katika machungwa, mapera, maembe na mboga za majani. Watu wa Aktiki huipata katika nyama mbichi na viungo vya ndani vya wanyama waliowinda. Kwa hiyo Knight alihitaji nyama mpya. Lakini nani angewinda? Mwanamume hakuweza hata kusimama. Alikuwapo mshonaji tu.

ADA ANASHIKA BUNDUKI

Kwanza Ada alijifunza kutega mbweha kwa mitego ya chuma. Siku nyingi alirudi mikono mitupu. Alibadilisha mahali pa mitego, akajaribu tena. Mwezi Februari akapata mbweha wa kwanza.

Kisha akajifunza bunduki. Aliiogopa, lakini hakuiacha. Alifanya mazoezi ya kulenga. Risasi zilikwenda kando. Akajaribu tena na tena. Taratibu akaweza kupiga ndege. Baadaye akaweza kupiga sili.

Wakati huo huo aliokota magogo yaliyoletwa na mawimbi, akayakata kuwa kuni. Alichota theluji na kuiyeyusha ipate kuwa maji. Alipika, alishona, alimlisha na kumsafisha mgonjwa. Knight, kwa maumivu na hasira, alimkaripia mara nyingi kwamba hafanyi kazi ya kutosha. Ada hakumwacha. Jioni aliandika katika daftari lake kwamba huyu bwana hafikirii jinsi ilivyo vigumu kwa mwanamke mmoja kushika nafasi ya wanaume wanne.

Ndiyo, msomaji, aliandika. Elimu yake ilikuwa ndogo, na Kiingereza chake kilikuwa cha makosa. Hata hivyo aliandika: leo nimepata mbweha, leo nimeleta kuni, leo mgonjwa hali yake mbaya. Siku moja aliandika wasia. Alisema kwamba akifa, vitu vyake vyote apewe Bennett, pamoja na mkanda mweusi wa mfuko wake wa vitabu vya shule. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo, na mtoto ndiye aliyekuwa moyoni mwake.

Mwezi Juni 1923, Knight alifariki. Ada hakuwa na nguvu ya kuchimba kaburi katika ardhi iliyoganda. Alimwacha kitandani mwake, akapanga masanduku kumzunguka, ili wanyama wasifike kwenye maiti. Kisha akahamia hema lingine. Sasa alikuwa peke yake, yeye na paka Vic.

DUBU MWEUPE NI MNYAMA GANI?

Hapa inafaa tumjue mnyama huyu. Dubu mweupe ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wala nyama wanaoishi nchi kavu. Dume huweza kuwa na uzito wa kilo 400, 500, hata zaidi ya 600. Simba dume ana kilo 190 hivi. Akisimama kwa miguu miwili, dubu ni mrefu kuliko mlango wa nyumba. Anakimbia kuliko mtu. Anaogelea baharini siku nzima bila kupumzika. Pua yake hunusa sili kutoka mbali sana.

Chakula chake hasa ni sili. Lakini akiwa na njaa, mtu pia ni nyama kwake. Jike mwenye mtoto ni wa hatari zaidi. Kisiwa cha Wrangel kinajulikana duniani kwa wingi wa dubu hawa. Majike wengi huchimba mapango katika theluji ya kisiwa hicho na kuzaa humo.

Ada alikuwa amesikia habari za dubu tangu utotoni. Hofu yake ilikuwa kubwa. Lakini angalia alivyofanya. Hakukaa akilia tu. Aliifanya hofu imfundishe kujilinda.

Kwanza, alitengeneza mahali pa kuweka bunduki juu ya kitanda chake. Akiamka usiku, ananyosha mkono tu, anaishika.

Pili, alijenga jukwaa la kuchungulia juu ya makazi yake. Alipanda huko na darubini. Kutoka juu aliweza kumwona dubu akiwa bado mbali, kama wewe unavyojenga kichanja shambani upate kuona ngedere na nguruwe mapema.

Tatu, alikuwa mwangalifu kila alipotoka. Alitazama mbele, alitazama nyuma, alijua hema liko umbali gani.

SIKU DUBU ALIPOMNYANG'ANYA SILI

Siku moja Ada alimwona sili amelala juu ya barafu. Alinyata taratibu, akalenga, akapiga. Sili akafa. Nyama ya siku nyingi! Ada akaanza kwenda kuichukua.

Ghafla akaona kitu cha rangi ya manjano kikija mbio juu ya barafu. Manyoya ya dubu mweupe mara nyingi huonekana hivyo, kwa sababu barafu ni nyeupe zaidi. Alikuwa jike, na nyuma yake mtoto wake.

Ungefanya nini, msomaji? Ungegombania nyama? Ada aligeuka, akakimbia kwa nguvu zake zote mpaka hemani. Alipofika alikuwa karibu kuzimia. Dubu wakaila ile nyama.

Alipoteza sili, lakini hakupoteza maisha. Wahenga walisema, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Sili mwingine atapatikana. Ada mwingine hapatikani.

DUBU MLANGONI

Lakini kuna siku ambayo hakuna mahali pa kukimbilia. Siku hiyo nayo ilifika.

Ada alikuwa ndani ya hema. Akasikia kitu nje. Alipofungua mlango na kutazama, damu ilimwenda mbio. Dubu mkubwa na mtoto wake walikuwa wamesimama pale pale, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Hema ni kitambaa. Kucha za dubu zingelipasua kama karatasi. Ada akashika bunduki.

Fikiri kidogo hapa. Mtu mwingine angepiga risasi mwilini mwa mnyama bila kufikiri. Ada aliona hatari yake. Kama atamjeruhi tu mguuni, dubu atakuwa mkali mara kumi, naye atamrukia. Wewe mwanakijiji unalijua jambo hili kwa nyati. Nyati aliyejeruhiwa ameua wawindaji wengi kuliko nyati mzima.

Kwa hiyo Ada aliinua bunduki juu kidogo, akapiga risasi juu ya vichwa vyao. Mlio ukavuma. Dubu wakakimbia umbali mfupi. Kisha wakasimama, wakageuka, wakamtazama. Ada hakungoja. Akapiga tena, mara nyingi kwa kufuatana. Dubu wakaondoka zao.

Mikono yake ilitetemeka, lakini akili yake haikutetemeka. Hakuna aliyeumia, wala dubu wala mtu.

MELI INAFIKA

Ada aliendelea kuishi. Alipiga ndege, aliokota mayai yao, alikausha nyama. Alijishonea nguo mpya. Alijenga hata mashua ndogo kwa mikono yake mwenyewe. Kila siku aliandika katika daftari.

Mwezi Agosti 1923 kulikuwa na ukungu baharini. Ada akasikia mlio ambao haukuwa wa mnyama wala wa barafu. Akachukua darubini, akatazama. Ukungu ulipopungua, akaiona meli.

Watu wa meli walitegemea kuwakuta watu watano. Walimkuta mwanamke mmoja na paka mmoja. Aliwaeleza yote yaliyopata wenzake. Kisha akarudi Nome, akamkumbatia mtoto wake. Kwa fedha alizopata, alimpeleka Bennett mji wa Seattle kutibiwa.

Taabu zake hazikuisha siku hiyo. Baadaye wengine walimsema vibaya magazetini kwamba hakumtunza Knight. Lakini daftari lake lilikuwapo, na maneno yake yalionyesha kazi aliyoifanya siku baada ya siku. Wazazi wa Knight wenyewe walikutana naye, wakamsikiliza, wakasema wazi kwamba wanamwamini na wanamshukuru.

Ada aliishi miaka mingi. Alifariki Alaska mwezi Mei 1983, akiwa na miaka 85. Alizikwa karibu na mwanawe Bennett. Leo Kisiwa cha Wrangel kiko katika nchi ya Urusi, na ni hifadhi ya wanyama. Dubu bado wanazaa huko.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, watu husema shujaa haogopi. Habari hii inaonyesha sivyo. Ada aliogopa tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini kila alichokiogopa alijifunza namna ya kukikabili. Aliogopa bunduki, akajifunza kulenga. Aliogopa dubu, akajenga jukwaa. Alijua siku ya kukimbia, na alijua siku ya kusimama mlangoni.

Tena tunajifunza faida ya kalamu. Ada hakuwa msomi. Alijua kuandika kidogo tu, kwa shida, kama wengi wetu tulioanza kusoma ukubwani. Lakini kidogo hicho kililinda jina lake, na ndicho kilichotuletea habari zake leo. Wale vijana watatu walipotelea barafuni hatujui hata siku waliyokufa. Mama mshonaji tunamjua, kwa sababu aliandika.

Basi nawe, usiku wa leo, shika kalamu. Andika mstari mmoja juu ya kazi uliyoifanya mchana. Usiogope makosa. Ada naye alikosea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Ada hakumpiga risasi dubu mwilini? Wewe ungefanyaje?

2. Kiseyeye huletwa na nini? Taja vyakula vya kijijini kwenu vinavyozuia ugonjwa huo.

3. Ni wanyama gani wanasumbua kijiji chenu? Mnajilinda namna gani kabla hawajafika mlangoni?